Kasha Likivunjika, Anza na Bawaba



Wenye kompyuta mpakato, au laptopu kama tulivyozoea kuziita, wanaujua mlio ninaotaka kuuzungumzia leo. Unainua kioo asubuhi uanze kazi, na kwenye kona moja panalia ta! Ukitazama, unakuta kava la nyuma ya kioo limeachana na fremu yake, au pale chini kando ya kibodi plastiki imepasuka na kufunuka. Unajaribu kufunga, mpasuko unazidi kutanuka. Mashine yenyewe inawaka vizuri. Tasnifu imo, hesabu za duka zimo, picha za watoto zimo. Ila kasha limevunjika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaipandisha juu ya kabati mashine ambayo bado ina miaka ya kazi ndani yake.

Mimi huniuma kuziona laptopu za namna hiyo. Huniuma zaidi kumwona mwanafunzi aliyechangiwa na ukoo mzima kununua mashine akiibeba imezungushiwa utepe wa gundi pande zote, hawezi kuifunga wala kuifungua, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya kuitengeneza ni ya jioni moja na siku nzima ya kusubiri gundi ikauke. Nitaieleza kazi hiyo. Lakini kabla ya gundi kuna jambo ambalo usipolielewa gundi yote ya mjini haitakusaidia.

Tuelewane kwanza ni nini kinachovunja. Bawaba ya mlango huzunguka huru. Ukiuachia mlango, upepo unaupeleka unakotaka. Bawaba ya laptopu imetengenezwa makusudi iwe nzito, ili kioo kibaki palepale ulipokiacha. Ndani yake kuna mhimili wa chuma uliobanwa na washa ndogondogo, na mwishoni kuna nati inayozikaza. Uzito unaousikia mkononi unapofungua ni msuguano wa vyuma hivyo. Sasa jiulize, bawaba hiyo ya chuma imeshikiliwa na nini? Katika mashine nyingi za bei ya chini na ya kati, imefungwa kwa skrubu ndogo zinazoingia kwenye vipete vya shaba ya njano, na vipete hivyo vimezamishwa ndani ya nguzo fupi za plastiki. Chuma kinavuta, plastiki inashikilia.

Tuseme kioo kina kimo cha sentimita 20, na vipete viko kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye mhimili. Kila kilo moja ya nguvu unayosukuma kule juu inageuka kuwa zaidi ya kilo kumi kule chini, zikivuta vipete vitoke kwenye plastiki. Mashine ikiwa mpya inavumilia. Miaka ikipita, grisi iliyomo ndani ya bawaba inakauka na vumbi linaingia. Na kwa sisi wa Pwani, kutoka Lamu mpaka Mtwara, hewa ya chumvi inakitia chuma kutu. Bawaba inazidi kukaza huku plastiki inazidi kuchoka kwa joto la mashine yenyewe. Ongeza na ule mtindo wetu wa kuinua kioo kwa kushika kona moja, ambao unaitwisha bawaba ya upande mmoja mzigo wa mbili. Siku moja kipete kinang'oka na kipande cha plastiki kimekigandama.

Kwa hiyo ufa unaouona ni matokeo. Chanzo ni bawaba iliyokaza. Ukitia gundi kwenye plastiki bila kugusa bawaba, umeirudisha plastiki ileile chini ya nguvu ileile. Itashika wiki, pengine mwezi, kisha itang'oka tena, na safari hii itaondoka na kipande kikubwa zaidi. Nimewaona watu wakilaumu gundi, wakabadilisha aina baada ya aina, na bawaba iko palepale imekaza kama ilivyokuwa.

Basi ukisikia ule mlio, acha kufungua na kufunga. Iache mashine ilivyo, hamisha faili zako kwenye diski ya nje au flashi, kisha uizime. Vipande vya plastiki vilivyodondoka viokote vyote, hata kile kidogo kama punje ya mchele, uvitie kwenye bahasha. Utavihitaji.

Halafu tazama betri, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuna makasha ambayo hayakuvunjwa na bawaba hata kidogo. Betri ya lithiamu iliyozeeka au kuharibika inaweza kujaa gesi ndani na kuvimba, na ikivimba inasukuma kila kilicho juu na chini yake. Ukiona mashine imetoa tumbo kwa chini, au inayumba juu ya meza iliyonyooka, au kile kibao cha kuongozea kishale kimeinuka na hakibonyei tena, fahamu kwamba hiyo ni kazi ya betri. Usiichaji. Usiikandamize irudi ndani, usiitoboe kutoa hewa, usiitupe kwenye moto wala kwenye pipa la taka za nyumbani, kwa maana inaweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Mpelekee fundi anayezijua betri hizo, aitoe na kuifikisha mahali panapopokea taka za kielektroniki. Kubana kasha kwa gundi juu ya betri iliyovimba ni kuhatarisha nyumba na waliomo.

Betri ikiwa salama, tuendelee. Chomoa chaja. Geuza mashine kifudifudi juu ya kitambaa safi, usome namba ya modeli iliyoandikwa chini. Kampuni kubwa kama Dell, HP na Lenovo zimeweka vitabu vya ufundi vya modeli zao nyingi kwenye intaneti, bure, vyenye michoro ya kila skrubu na kila waya. Ni msaada mkubwa sana, na inasikitisha kwamba watumiaji wengi hawajui kwamba upo. Dakika kumi za kukisoma kitabu hicho zitakuokoa na kuvunja kishikizo ambacho hukujua kipo.

Skrubu nyingine hujificha chini ya miguu ya mpira au chini ya stika. Chora umbo la mashine kwenye karatasi, na kila skrubu uitoayo ichomeke kwenye karatasi pale ilipotoka. Hazilingani urefu, na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la skrubu fupi hutokeza upande wa pili ikatoboa kibodi au madabodi, ule ubao mkuu wa saketi. Kava lenyewe limeshikwa pia na vishikizo vya plastiki pembeni. Usitumie kisu wala bisibisi ya bapa, chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, uipitishe taratibu ukingoni mpaka vishikizo viachie kimoja kimoja. Ukishafungua, jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa betri kutoka kwenye madabodi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kuwa mwangalifu na nyaya nyembamba zinazopita kandokando ya bawaba: mmoja unapeleka picha kwenye kioo, nyingine ni antena za Wi-Fi. Hizo zikikatika, kazi ndogo imekuwa kubwa.

Sasa umefika kwenye bawaba. Itoe, uishike mkononi, jaribu kuizungusha. Kama unalazimika kuibana kwa koleo ndipo igeuke, umekutana na mkosaji. Kwenye bawaba zenye nati, tia alama ya kalamu mahali nati ilipo, kisha ilegeze robo ya mzunguko, si zaidi. Zungusha, pima, legeza tena kidogo ikihitajika. Unachotafuta ni kioo kikae kinapoachwa, lakini kisogee bila kupigana nawe. Bawaba isiyo na nati haina cha kulegeza. Hiyo ifute kutu, itie tone moja la mafuta ya cherehani, izungushe mara nyingi, kisha ipanguse mpaka ikauke nje. Fanya hivyo mbali na kasha, kwa sababu plastiki iliyoguswa na mafuta haishiki gundi. Na usisahau bawaba ya upande wa pili. Ukiilegeza moja na kuiacha nyingine, kioo kitakuwa kinajipinda kila unapofungua.

Tuje kwenye gundi, maana hapa ndipo pesa na makasha mengi vinapoharibika.

Watu wengi hukimbilia supagluu, ile ya kichupa kidogo inayokauka mara moja. Ina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mkemia Mmarekani Harry Coover na wenzake walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea bunduki, wakakutana na kitu kinachonata kila kinachogusa, wakakiweka kando. Kiliingia sokoni kama gundi mwaka 1958. Hukauka kwa kuchochewa na unyevunyevu ulioko juu ya vitu na hewani, na hushika vizuri sana vipande viwili vinavyokutana bila pengo. Udhaifu wake ni kwamba ikikauka ni ngumu na kavu, haivumilii kubanduliwa kutoka ukingoni, na kubandua kwa ukingo ndiyo kazi hasa ya bawaba kila unapofungua kioo. Pia mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayong'aa. Usiipanguse kwa pamba ikiwa mbichi. Ikikutana na pamba hupata joto kali la kuweza kuunguza vidole. Itumie kuunga ufa mwembamba wa pembeni usiobeba mzigo, au kushikiza vipande mahali pake ukisubiri gundi ya kweli. Kwa nguzo za bawaba usiitegemee.

Gundi ya kweli kwa kazi hii ni epoksi, ile inayouzwa kwa mirija miwili na ambayo wengi wetu tunaiita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Mrija mmoja una utomvu, mwingine una kigumishi; havigandi mpaka vikutane. Uzuri wake ni kwamba inajaza pengo, na pale nguzo ilipomeguka pamejaa mapengo. Zipo za kukauka kwa dakika tano na zipo za usiku mzima. Chukua ya usiku mzima. Kwa kawaida hushika kwa nguvu zaidi, nayo inakupa nafasi ya kupanga vipande bila haraka.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kama itashika. Futa plastiki kwa spiriti mara mbili, uiache ikauke. Ikwaruze kwa msasa mpaka mng'ao wake usionekane tena. Kwa ncha ya pini iliyotiwa moto au keekee ndogo, toboa vitundu vifupi visivyotokea upande wa pili, ili gundi ipate mizizi. Rudisha vile vipande ulivyoweka kwenye bahasha, kila kimoja mahali pake. Kisha fanya jambo hili ambalo wengi huliruka: vifunge vile vipete vya shaba kwenye bawaba yenyewe kwa skrubu zake, ndipo uviteremshe mahali pake vikiwa vimeshikana na bawaba. Kwa njia hiyo matundu hayatapishana hata kwa nusu milimita. Meno ya skrubu yapake nta kidogo au grisi, kwa ncha ya kijiti na kwa uangalifu isimwagike pembeni, ili epoksi isizigandishe humo milele.

Changanya sehemu mbili sawasawa, ukoroge dakika nzima mpaka rangi iwe moja. Jaza kuzunguka vipete, panda kwenye vipande vya nguzo, tambaa hadi kwenye plastiki nzima iliyo jirani. Kama kuna nafasi, zamisha humo kipande cha wavu mwembamba wa chuma, kikae mbali na nyaya na saketi. Kinatawanya nguvu kwenye eneo pana. Ila pima nafasi kabla ya kumwaga. Kasha la laptopu ni jembamba, na mlima wa gundi uliozidi milimita mbili unaweza kuzuia kava lisifunge au ukakisukuma kioo kipasuke. Laza kava kama lilivyo, usiliguse kwa saa 24. Najua mtu anatamani kujaribu asubuhi. Subiri.

Kuna wanaouliza juu ya asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Ndiyo, asetoni huyeyusha plastiki iitwayo ABS, ileile iliyotumika tangu 1963 kutengeneza matofali ya kuchezea ya LEGO, na mtu anaweza kuyeyusha vipande vya ABS akapata uji wa kuzibia nyufa unaogeuka kuwa plastiki moja na kasha. Lakini tazama ndani ya kava lako kwanza. Mara nyingi watengenezaji wameandika humo aina ya plastiki kwa herufi zilizojitokeza. Ukikuta ABS peke yake, njia hiyo inafaa. Ukikuta PC+ABS, na kwenye laptopu hiyo ndiyo hupatikana sana, kumechanganywa polikaboneti, na asetoni huitia polikaboneti nyufa ndogondogo zitakazokuja kufunguka baadaye. Hapo baki na epoksi. Na wale wanaotumia kile chuma cha moto cha fundi redio kuyeyusha plastiki na kuzamisha pini za stepla ndani yake, njia yao hufanya kazi, lakini plastiki hizi mara nyingi zimetiwa kemikali za kuzuia moto na moshi wake ni sumu. Usifanye hivyo chumbani wanapolala watoto. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni.

Je, kama nguzo zote zimeng'oka na kilichobaki ni kava tupu, bapa? Hapo mimi natetea njia ambayo wengi wanaionea haya: toboa kava mpaka nje, pitisha skrubu ndogo zenye nati, za ukubwa wa M2 au M2.5, na washa pana kwa nje. Vichwa vya skrubu vitaonekana. Acha vionekane. Chuma kimeshikwa na chuma, na plastiki sasa inabanwa katikati badala ya kuvutwa. Hiyo ndiyo njia imara kuliko zote nilizozitaja, na itadumu kuliko gundi yoyote. Hakikisha tu kwamba ncha ya skrubu haigusi kioo, na waya wa picha hausagwi.

Na ikiwa kava limepasuka vipande vipande, tafuta jingine. Kwa mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi, makasha hutajwa kwa herufi: A ni kava la nyuma ya kioo, B ni fremu ya mbele ya kioo, C ni upande wa kibodi ambapo viganja hutua, D ni chini. Ukienda na namba kamili ya modeli na kusema unataka A, umeeleweka. Kava lililotolewa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine ni zuri tu, mradi ukague nguzo zake za bawaba kabla hujalipa.

Nalisemea jambo hili kwa moyo wote kwa sababu plastiki hiyo ikitupwa haiendi popote. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Wenzetu wameanza kuwabana watengenezaji. Ufaransa tangu Januari 2021 laptopu dukani huonyeshwa na alama, juu ya 10, ya urahisi wa kutengenezeka. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya kutengeneza bidhaa. Kenya nayo, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya 2022, imewawekea wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao zikiisha kutumika. Ni hatua njema, lakini sijaona sheria inayomwambia mtengenezaji asiifunge bawaba ya chuma kwenye kiguzo cha plastiki. Watengenezaji wanajua pale ndipo panapovunjika. Mashine zenye bawaba iliyofungwa kwenye fremu ya chuma zipo, na zimekuwapo miaka mingi. Uamuzi wa kuacha chuma hicho ni wa bei na wa wembamba, na gharama yake inakuja kulipwa na mwanafunzi wa Morogoro au karani wa Kisumu.

Mpaka watengenezaji wabadilike, tuchague kwa macho. Ukienda kununua laptopu iliyotumika, kabla hujaulizia ukubwa wa diski, iweke mezani na uinue kioo polepole kwa kidole kimoja, katikati ya ukingo wa juu. Tazama kona mbili za bawaba wakati kioo kinasogea. Ukiona mwanya unafunguka kati ya fremu na kava, kisha unajifunga kioo kikisimama, vipete vimeanza kulegea humo ndani. Sikiliza kama kuna mkwaruzo. Fanya hivyo ukifungua na ukifunga. Ikiwa mwanya ni mdogo na mashine unaipenda, mwambie muuzaji apunguze bei, na ukifika nyumbani zilegeze bawaba hizo kabla hujaanza kuitumia.